Bima ya Bijou

Jumamosi wanawake wengine wa Peckham, London, walikwenda soko la Rye Lane kununua ndizi na samaki wa chumvi. Célestine alibaki nyumbani kusoma barua za watu. Barua za umeme, za shule, za hospitali, za halmashauri, zote zilipandishwa ngazi hadi ghorofa ya tatu na kuwekwa juu ya meza yake kusubiri zamu. Kanisani walisema hakuna karatasi ya Mzungu inayomshinda mama Miradie, kama walivyomwita kwa jina la binti yake. Yeye aliitikia "Mungu ni mwema", lakini sifa hizo alizipokea kwa mikono miwili. Tusimlaumu sana. Kule Croydon, alikosugua vyoo vya ofisi, hakuna mwenye ofisi aliyejua hata jina lake.

"Ya Céle, yenyewe njo hii," alisema Bijou kwa Kiswahili cha kwao Kivu, akatoa bahasha kwenye mkoba. "Ya benki. Fungua weye. Miye naogopa."

Bijou alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti polepole, mkono mmoja tumboni, maana tangu apasuliwe uvimbe ilikuwa haijatimia miezi mitano. Mwaka 2004 alikopa pauni elfu sita benki ili awalete wanawe wawili kutoka Bujumbura, na benki ikampachikia bima juu ya mkopo: akiugua au akikosa kazi, bima itamlipia. Alilipa bila kukosa hata mwezi mmoja. Alipougua akaiomba bima yake, akaambiwa haiwahusu watu wanaofanya kazi kupitia wakala bila mkataba wa kudumu. Na Bijou alikuwa mtu wa wakala tangu siku aliyoingia mle benki, jambo ambalo benki yenyewe ililiandika kwenye fomu. Mwezi wa Machi, mwaka huu wa 2008, Célestine alimwandikia barua ya kudai fedha za bima zirudishwe. Sasa ulikuwa Juni na jibu lilikuwa mezani.

Célestine alisoma kwanza kimya, kama ilivyokuwa desturi yake. Aya ya kwanza ilishukuru. Aya ya pili ilisema uchunguzi umefanyika. Aya ya tatu aliirudia mara mbili. Ilisema kwamba mteja alifika tawini na mkalimani wake mwenyewe, ambaye alimweleza masharti yote ya bima kwa lugha anayoielewa, na ndipo mteja akatia saini. Kwa hiyo benki haikuona kosa lolote upande wake.

Mkalimani huyo alikuwa Célestine.

"Banasema nini?" aliuliza Bijou.

"Banakataa."

"Sababu gani?"

"Banasema uliweka saini."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Bijou aliitazama ile barua, kurasa mbili zilizojaa. "Maneno yote haya, mana yake ni kwamba niliweka saini?"

"Unabajua Bazungu. Bapendaka kusema mingi."

Bijou alicheka kidogo, kisha akaanza kulia bila sauti. Alikuwa bado anadaiwa zaidi ya pauni elfu mbili, na watu wa kukusanya madeni walimpigia simu asubuhi na jioni mpaka akaichomoa simu ukutani. Freza alishaiuza. Alikuwa anafikiria kuuza na kitanda cha watoto, walale chini. Célestine akampa chai ya maziwa, akamshika bega, akamwita mdogo wangu. Na kila alipozidi kumbembeleza, ile aya aliyoiruka ilizidi kumchoma.

*

Kanisani walisikia kwamba kuna mama wa Kihindi anayesaidia watu kudai bima za benki bila kuchukua hata senti, tofauti na wale vijana wa kwenye simu ambao hukata robo ya kitakachopatikana. Alikuwa anakaa kila Jumanne kwenye chumba kimoja nyuma ya maktaba. Bijou alimwomba Célestine waende pamoja amtafsirie. Célestine alitafuta udhuru, akaukosa.

Aliitwa Sudha. Alikuwa amepita miaka sitini, amevaa sweta la kijivu juu ya sari, na miwani ilining'inia shingoni kwa kamba. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mhasibu, na sasa amestaafu, lakini kukaa nyumbani Queensbury kulimchosha kuliko treni mbili na basi za kuja Peckham. Aliisoma barua ya benki mara mbili, kisha akaiweka chini.

"Muulize," alimwambia Célestine kwa Kiingereza, "mkalimani alimwambia nini kuhusu hii bima. Nataka maneno yenyewe."

Célestine akamgeukia Bijou. "Anauliza kama ulisoma karatasi mbele ya kuweka saini."

"Weye unajua miye sisomake Kizungu."

"Anasema hakusoma," Célestine alimjibu Sudha kwa Kiingereza.

Sudha alivaa miwani yake. Hakuonekana kukasirika. Alimtazama Célestine kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu hesabu ya mwenzake.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "hilo si swali nililouliza."

Célestine aliona jasho linamtoka mgongoni. Miaka tisa London alikuwa amenunua unga kwa Wahindi, amepanga foleni na Wahindi, ametibiwa meno na Mhindi, na hata siku moja hakuwahi kupunguza sauti mbele yao. Kwake Kiswahili kilikuwa cha watu weusi basi, na mwenye ngozi nyingine ungeweza kumsengenya mchana kweupe akiwa hapo hapo amesimama. Kiburi hicho ndicho kilichomfikisha kwenye aibu ya siku ile.

"Nimezaliwa Kisumu," alisema Sudha. "Baba yangu aliuza vitambaa. Sasa tuanze upya." Akageuza kiti kumwelekea Bijou. "Barua inasema ulienda benki na mkalimani wako, na yeye ndiye alikueleza masharti yote. Ulisomewa hapo?"

"Wapi imeandikwa?"

"Hapa. Aya ya tatu."

Bijou aliweka kidole pale juu ya maandishi asiyoweza kuyasoma. Kisha akamtazama Célestine.

"Jumamosi haikukuwa na aya ya tatu," alisema.

Célestine alivuta mkoba wake mapajani.

"Huyo mkalimani alikuwa nani?" aliuliza Sudha.

"Njo huyu."

Sudha aliweka kalamu mezani, akaichukua tena. Ilikuwa wazi hakulitegemea jambo hilo. "Basi niambie mwenyewe, mama. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia..." Célestine aliitazama barua. "Nilimwambia ni kama mutualité."

"Mutualité ni nini?"

Bijou ndiye aliyeeleza, na alieleza bila kumtazama mwenziwe. Kwao Kivu, na hata hapa London kanisani, kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi kwenye mfuko mmoja. Siku ukiugua au ukifiwa, mfuko unafunguliwa. Hakuna anayekuuliza una mkataba gani kazini, wala ugonjwa ulianza lini. Watu wanakuja na bahasha na sufuria ya chakula, basi.

"Aliposema mutualité, miye nikaelewa," alisema Bijou. "Nikaweka saini. Tena nikaacha kulipa ile ya kanisa. Yeye mwenyewe aliniambia, kwa nini ulipe mbili? Nilipopasuliwa, kanisa banakuja kuniombea, lakini mfuko banasema hapana, mama, jina yako haiko. Sikukasirika. Nilijua niko na ya benki."

Sudha aliandika yote hayo. Kisha akawaeleza taratibu. Kueleza bima ulikuwa wajibu wa benki, si wa mtu mwingine, lakini benki imejificha nyuma ya maneno mawili, mkalimani wake. Kesi ingekwenda kwa Ombudsman, ofisi inayoamua magomvi ya watu na mabenki, na huko wangeuliza mkalimani huyo alikuwa upande wa nani: kama benki ilimlipa, basi alikuwa mtu wao.

"Kwa hiyo nakuuliza," alimwambia Célestine. "Benki ilikupa chochote kwa kumpeleka? Pesa, zawadi, kitu chochote?"

"Hapana," alisema Célestine.

Alilisema haraka mno. Sudha aliliandika hata hivyo, akafunga daftari. "Natuma Jumanne ijayo. Ukikumbuka kitu kabla ya hapo, nipo."

Njiani kurudi Bijou alitembea mbele. Basi lilipokuja alipanda juu, Célestine akakaa chini.

*

Ukweli ni kwamba alipewa. Kijana wa benki aliitwa James, mchangamfu, mwenye kucheka na kila mtu, na ndiye mtu wa kwanza mwenye tai katika nchi hii aliyemwita Célestine kwa jina lake na kulitamka sawasawa. Baada ya mkopo wa Célestine mwenyewe alimwambia: kila rafiki utakayemleta akachukua mkopo pamoja na bima, nakupa vocha ya supamaketi ya pauni ishirini na tano. Célestine aliwaleta wanawake kumi na mmoja. Bijou alikuwa wa nne.

Nyumbani alisema vocha hizo ni bonasi ya kazini. Mumewe Aristide, aliyekuwa akiosha mabasi gereji na kushika sanduku la sadaka kanisani, alisimama Krismasi moja mbele ya watu wote akatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyomkumbuka mke wake mbele ya mabosi.

Jioni ile ya kutoka maktaba, juu ya sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, Célestine alimwambia kila kitu. Aristide aliacha kula.

"Ishirini na tano mara kumi na moja," alisema. "Na miye nikasimama mbele ya kanisa."

"Nisamehe, Papa Miradie."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ikae vile." Alinawa mikono ingawa hakuwa amemaliza. "Usiandike kitu. Bijou tutamchangia kidogo kidogo."

"Pauni elfu tatu za bima, kidogo kidogo?"

"Na Croydon? Umesahau? Maombi yetu ya uraia iko Croydon, kwa ofisi ya uhamiaji. Mule ndani kuna ukurasa banauliza tabia njema. Unataka baandike nini, kwamba bibi ya Aristide aliuza bandugu zake kwa vocha?"

Binti yao Miradie, aliyekuwa akifanya kazi za shule pembeni, aliinua kichwa. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Croydon hawana habari na vocha za supamaketi.

"Nyamaza weye!" Aristide alifoka. "Unajua nini juu ya Croydon? Weye ulikuwa mugongoni!"

Aristide hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesubiri karatasi miaka tisa, na mtu wa namna hiyo huogopa hata kivuli cha posta. Aliponyanyuka mezani, Célestine alimhurumia kweli. Alijua anachokiomba mumewe. Nyumba yao haikuwa na kitu ila jina, na jina hilo yeye ndiye angelipaka tope kwa mkono wake mwenyewe.

Siku tatu nzima alijiambia kwamba Aristide ana haki. Alijiambia pia kwamba huenda Bijou akashinda bila vocha. Uongo ukiuimba sana, unaanza kuupenda wimbo wake.

*

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri Célestine na Bijou walikutana kazini Croydon, maana wote wawili walisafisha jengo moja. Wakala ilikuwa imemrudisha Bijou kabla daktari hajamruhusu, au niseme Bijou ndiye aliyewaomba, akawaambia amepona. Jengo lilikuwa na ghorofa nane na lifti mbili, lakini wasafishaji hawakuruhusiwa kuzipanda hadi wenye ofisi wafike. Kwa nini? Hakuna aliyewahi kuambiwa. Bijou alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, amekumbatia mashine ya kufyonza vumbi kifuani, anapumua kwa mdomo.

"Leta nibebe," alisema Célestine kutoka chini.

"Acha."

"Daktari alisema usibebe kitu, Bijou."

"Daktari alisema. Benki nayo ilisema. Weye pia ulisema."

Alipanda ngazi tatu akasimama, akapanda tatu akasimama. Célestine alimfuata nyuma na ndoo yake, asijue la kufanya na mikono yake. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Bijou hakuwa mtu wa matusi. Walipoomba hifadhi kwa mara ya kwanza, walilala chumba kimoja cha hosteli miezi saba, na katika miezi hiyo saba Célestine hakuwahi kusikia neno baya kutoka kinywani mwake, hata siku alipoibiwa koti wakati wa baridi.

Kwenye ghorofa ya nne Bijou aliweka mashine chini, akaegemea ukuta.

"Nakuuliza kitu moja tu," alisema. "Siku ile, ulijua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu, miye nami niliamini. Hata miye niko nayo, ile ile."

"Lakini karatasi ulikuwa nayo mukononi. Kizungu weye unasomaka. Mbona haukusoma?"

Célestine alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa baya kuliko lile la kujua. Hakusoma kwa sababu siku ile aliwaleta wanawake wawili kwa mpigo, na vocha zilikuwa mbili, na alikuwa na haraka ya kuwahi zamu ya jioni. Angesoma, huenda angekuta neno la kuzuia. Alichofanya ni kukunja karatasi na kusema weka saini hapa, na hapa, na hapa.

"Sijui," alisema.

Bijou alitikisa kichwa, akabeba mashine, akaendelea kupanda.

*

Jumanne Célestine alifika nyuma ya maktaba kabla mlango haujafunguliwa. Hakumwambia Aristide alikokuwa anakwenda, na Aristide hakuuliza, maana alishaelewa kwa jinsi alivyovaa kitenge chake cha kanisani siku ya kazi. Bijou alikuja baadaye, akakaa kiti cha mbali.

"Nimekumbuka kitu," Célestine alimwambia Sudha.

"Sema."

"Benki ilinipa vocha."

Sudha alichukua kalamu bila kuonyesha mshangao. Wahasibu wamesikia mengi. "Ya pauni ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Moja?"

"Kila mutu moja. Kumi na moja."

"Nani alikupa?"

"Kijana wa benki. James."

"Na ndiye aliyekuambia uwalete?"

"Ndiye. Alisema bima lazima iwe ndani, bila bima hakuna vocha. Na aliniambia nibaelezee tu kwa kifupi. Njo nikasema mutualité. Yeye aliuliza mutualité ni nini, nikamwambia, akacheka, akasema sawa sawa, sema hivyo hivyo."

Kalamu ya Sudha ilisimama. "Alisema hivyo? Sema hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Bijou, ulikuwepo?"

Bijou alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikitaja majina polepole: mama Furaha, mama Chance, mama Neema, Jolie... Alifika kumi na moja akaacha. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu ambacho Célestine angetoa mwaka mzima wa mshahara asikione.

"Ya kwangu ulinunua nini?" aliuliza.

"Bijou..."

"Nakuuliza. Ile yangu miye. Ulinunua nini?"

"Viatu. Vya Miradie, vya shule."

"Vile vyeusi viko na chuma ya njano?"

"Ndiyo."

"Nilivisifu," alisema Bijou. "Njiani, siku ya Pasaka. Nilisema, mutoto huyu amependeza."

Sudha, aliyekuwa ameona wanaume wazima wakilia kwenye kiti kile, alijifanya anatafuta karatasi kwenye droo. Célestine alilia kwa sauti, kamasi na machozi, mpaka mtu wa maktaba akachungulia. Hakuna aliyemshika bega.

Alipotulia, Sudha alimsomea maelezo yake, sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili. Waswahili wana methali kwamba mficha uchi hazai, na Sudha aliitaja, lakini si kwa ukali. Alimwambia pia kwamba vocha si kosa la jinai, na kwamba Croydon hawatamuuliza. Célestine alitia saini, akatoka bila mtu wa kufuatana naye.

*

Habari za namna hiyo hazihitaji basi. Wiki haikuisha, Peckham nzima ilijua, angalau ile Peckham inayosali pamoja. Mama Furaha alikuja mlangoni akasema maneno ambayo majirani Waingereza waliyaelewa bila mkalimani. Mchungaji alimwomba Aristide, kwa upole sana, apumzike kidogo na sanduku la sadaka. Aristide alipumzika. Alimaliza wiki tatu akiongea na mkewe kupitia kwa Miradie, mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako vile, na Miradie akawa anatafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

Jumamosi meza ilikuwa tupu. Célestine aliifuta, akakaa, akaifuta tena. Barua za watu zilikwenda kwa Sudha sasa, na wale wanawake kumi waliobaki walipanga foleni nyuma ya maktaba na mikataba yao ndani ya mifuko ya nailoni. Nao pia walimwomba Sudha: mwambie yule mama aandike na ya kwangu. Célestine aliandika maelezo yote kumi, moja baada ya jingine, na katika kila moja alitaja vocha yake na alichonunulia. Kuku. Pampasi za mtoto wa shemeji. Mashuka. Hakuna aliyemshukuru, na hakutegemea.

Kwa Bijou hakukuwa na salamu. Kazini alimwita "mama", kama anavyoitwa mtu usiyemfahamu. Miezi ikapita. Ombudsman ana watu wengi, na watu wengi hao wote walikuwa wameuziwa bima.

*

Mwezi wa Februari theluji ilianguka London kama ambavyo haikuanguka kwa miaka mingi. Mabasi yote yalisimama, treni pia, shule zikafungwa, na Jumanne ile Sudha alikwama kwake Queensbury. Célestine alikuwa anakaanga mandazi mlango ulipogongwa. Alikuwa Bijou, theluji mabegani, bahasha mkononi.

"Mama Sudha hajakuja," alisema. "Na hii imekuja asubuhi. Siwezi kulala nayo."

"Ingia, ingia. Kaa. Nikupe chai?"

"Hapana. Sikuje kwa chai."

Aristide alitoka chumbani, akaona nani amekuja, akarudi ndani taratibu. Célestine alipangusa mikono kwenye nguo, akafungua bahasha. Macho yalianza kukimbia kwenye mistari kwa desturi ile ile ya zamani.

"Siyo vile," alisema Bijou.

"Vipi?"

"Usisome ndani ya kichwa. Soma kwa mudomo. Yote. Kizungu chao, vile kimeandikwa. Mahali sielewe, miye njo nitauliza."

"Sawa."

"Na usinieleze mpaka nikuulize."

Célestine alianza na tarehe. Alisoma anwani ya Ombudsman, alisoma nambari ya kesi, alisoma jina la Bijou lote kama lilivyo kwenye pasipoti. Kila mwisho wa sentensi alisimama. Bijou aliyasikia mengi mwenyewe, maana miaka tisa ya kusikiliza haiendi bure, na aliposikia kwamba benki imekubali kurudisha pauni elfu mbili mia tisa na kumi na moja, alinyanyua mkono.

"Hapo. Rudia."

Célestine alirudia.

"Imeandikwa hivyo? Weye hukuongeza?"

"Imeandikwa hivyo. Tazama, hii njo namba."

Bijou aliitazama namba, tarakimu moja moja. Alifumba macho. "Endelea."

Aya iliyofuata ilisema kwamba kutoka kwenye fedha hizo zitakatwa fedha anazodaiwa, na kwamba zitakazobaki ni pauni mia nane na thelathini. Zamani Célestine angeipitia haraka, asimharibie mtu furaha. Sasa aliisoma mpaka nukta. Bijou aliomba irudiwe, ikarudiwa. Akasema, "Basi deni imeisha," na sauti yake ikakatika katikati. Célestine alitaka kumshika mkono. Hakumshika.

"Endelea."

Sentensi ya mwisho ilisema kwamba akitia saini hapo chini atakuwa amekubali malipo hayo kuwa kamili na ya mwisho. Célestine aliisoma kwa Kiingereza, akasimama.

"Hiyo sielewe," alisema Bijou. "Mana yake nini?"

Wanawake wangapi walikuwa wamemuuliza swali hilo kwenye meza ile, na hata siku moja hakuwa amekosa la kuwajibu. Jibu lilikuwa tayari mdomoni hata sasa, fupi na rahisi kueleweka. Aliitazama ile sentensi. Huenda ilimaanisha tu kwamba kesi imefungwa. Huenda ilimaanisha kwamba likitokea jingine baadaye, Bijou hatakuwa na haki ya kudai.

"Nafikiri najua," alisema. "Lakini sina hakika."

Bijou alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Juni alimtazama muda mrefu.

"Basi leo siweke saini," alisema. "Tumungojee Mama Sudha. Soma tena, toka mwanzo."

Célestine alivuta kiti karibu na mwanga wa dirisha, akaanza tena na tarehe.